Amina kwa Mwenyekiti

Mzee Halidi alikuja kumtembelea mpinzani wake akiwa amebeba mfuko wa sukari. Alipiga hodi mara moja tu, kama mtu anayejua kwamba atakaribishwa, akavua viatu, akaingia uani ambako Fadhila na binti yake Yasmine walikuwa wanachambua vitunguu.

"Mama Yasmine," alisema huku akicheka, "nasikia weye unataka kunipindua."

"Karibu, prezida. Hatupindui muntu. Tunataka tu kujipanga mustari, kama sheria zetu zinavyosema."

"Mustari! Na jua hili la Uvira? Utaniulia wazee wangu." Akaketi kwenye kiti alichopewa, akamkabidhi Yasmine ile sukari, akaulizia afya ya kila mtu wa nyumba ile kwa jina.

Alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Wavukaji wa Kavimvira tangu Yasmine akiwa shule ya msingi. Wanachama wake walikuwa wafanyabiashara wadogo, wake kwa waume, wanaovuka mpaka wa Kongo kwenda Bujumbura, Burundi, na kurudi na mizigo. Kila mzigo ukishapita duane, kwa watu wa forodha, ulipelekwa kwenye depo ya Umoja, uwanja wenye ukuta ulio kando ya barabara, na hapo ulipigwa alama ya chaki. Bila ile alama, hakuna msukuma mkokoteni aliyethubutu kuugusa. Chaki ilikuwa mkononi mwa Kizito, katibu, na Kizito alikuwa mkononi mwa Mzee Halidi.

Sheria za Umoja zilisema kwamba kila baada ya muda wa uongozi kutakuwa na uchaguzi, na wanachama watajipanga nyuma ya mgombea wanayemtaka. Lakini mgombea alikuwa mmoja siku zote, kwa hiyo hakuna aliyewahi kujipanga. Mzee Halidi alitoa hotuba, akasoma Fatiha, watu wakaitikia Amina, chai ikaletwa. Kwa Waislamu wa Uvira jambo lililosomewa Fatiha limekwisha, liwe ni posa iliyokubaliwa au ugomvi uliosuluhishwa. Kulifumua ni aibu. Wakristo wa Umoja walikuwa wameizoea desturi hiyo, nao waliitikia Amina kwa sauti kuliko hata Waislamu.

Mwaka huu Fadhila alikuwa amesema atasimama. Alitaka kitu kimoja tu: kazi ya chaki ishikwe kwa zamu, ili mtu asilazimike kumbembeleza mtu mwingine kila anaporudi na vitunga vyake. Alijua anachohatarisha. Tangu mumewe afariki, nyumba nzima ilikula kutokana na nyanya na vitunguu alivyovivusha. Akishindwa, na chaki ikamkwepa, hana biashara nyingine.

"Sikuja kwa ajili ya hayo," alisema Mzee Halidi. "Nimekuja kwa ajili ya huyu mtoto wetu. Yasmine, Jumapili kwenye mkutano nataka utuelezee habari za Khartoum. Ulichokiona kwa macho yako. Watu wanasikia redioni tu."

Yasmine aliacha kitunguu alichokuwa anakichambua. "Mimi, mzee?"

"Nani mwingine? Tulikupeleka kusoma ili uje utufundishe."

Na kweli alikuwa amempeleka. Barua ya kumuombea nafasi ya masomo Sudani ilikuwa na saini yake. Mume wa Fadhila alipofia hospitalini Bujumbura, ni Mzee Halidi aliyepiga simu huku na huku mpaka maiti ikavuka mpaka siku ileile, ikazikwa kabla ya magharibi. Na vita vilipomkuta Yasmine Khartoum, ni Mzee Halidi tena aliyemtafuta ndugu yake mmoja aliyeko Port Sudan, na ndugu huyo akampokea binti na kumlaza mpaka alipopata njia ya kurudi.

Mzee alipoondoka, Yasmine alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu arudi. Memware yake, tasnifu ya kumalizia chuo kikuu, ilihusu swali moja: kwa nini serikali za kiimla zinadumu katika nchi za Kiarabu. Alikuwa ameandika juu ya mafuta yanayowafanya watawala wasihitaji kodi ya raia, juu ya majeshi yaliyogawanywa ili yachungane, na juu ya mataifa makubwa yanayopenda mtawala mmoja anayepokea simu kuliko bunge lenye kelele. Sura ya mwisho ilikuwa ya matumaini, juu ya vijana wa Khartoum aliowaona wamekaa mbele ya makao makuu ya jeshi wakiimba hadi mtawala wa miaka mingi akaanguka. Hakupata kuitetea memware hiyo. Chuo kilifungwa kwa mabomu.

"Nitawaambia yote," alimwambia mama yake. "Wataelewa kwamba muntu akikaa kitini bila kikomo, siku ya kuondoka inakuwa vita. Watajipanga nyuma yako, mama."

Fadhila alifurahi kumwona binti yake akizungumza kwa mikono tena. "Sawa. Waambie. Na ukilia, lia. Watu wanapenda muntu anayelia kweli."

Jirani yao Agathe, mjane kutoka Runingu aliyefanya biashara pamoja na Fadhila, ndiye pekee aliyekunja uso aliposikia. "Halidi huyu? Asiyempa muntu neno hata dakika moja? Leo anampa mtoto wa mpinzani wake mukutano muzima? Minye sielewi."

"Agathe, weye unaona mwizi hata kwenye sahani ya wali," alisema Fadhila.

"Naye huwa yumo," alijibu Agathe.

*

Jumapili, baada ya watu kutoka kanisani, depo ilijaa kwa mkutano wa uchaguzi. Wiki hiyo habari za mapigano zilikuwa zimefika kutoka bonde la Ruzizi. Watu walikuwa wameonekana barabarani na magodoro vichwani, na kila mtu uwanjani alikuwa na simu mkononi akisubiri ujumbe wa ndugu. Wanawake walikaa kwenye mikeka, wanaume kwenye mabenchi. Birika kubwa la chai lilikuwa tayari juu ya makaa.

Yasmine alisimama. Alianza na kile alichokipenda: wauza chai waliogawa chai bure kwa waandamanaji, madaktari waliofungua hema barabarani, wasichana wa rika lake walioongoza nyimbo juu ya paa za magari. Watu walitabasamu. Akaeleza jinsi mtawala alivyoanguka na jinsi mji mzima ulivyolia kwa furaha. Kisha akaeleza jinsi majenerali walivyokataa kuwaachia raia nchi, na jinsi mtawala yule mzee alivyokuwa ameunda majeshi mawili ili moja lizuie lingine lisimpindue, na jinsi wakubwa wa majeshi hayo mawili walivyogombea kiti alichokiacha.

Halafu akafika kwenye ndege za vita, na hapo sauti yake ikabadilika. Alieleza juu ya jirani yao wa hosteli, mama wa Kisudani aliyewaletea mkate, ambaye walimzika uani kwa majembe ya bustani kwa sababu makaburi yalikuwa hayafikiki. Alieleza jinsi walivyokunywa maji ya kiyoyozi. Alieleza juu ya basi la kwenda Port Sudan, na mtoto aliyekuwa anauliza njia nzima kama paka wake amefungiwa mlango.

Watu walilia. Agathe alilia. Wanawake wa Kavimvira, ambao wamekimbia mara nyingi na kurudi mara nyingi, walijiona ndani ya basi lile. Yasmine alijua kwamba bado hajasema jambo kuu. Akafuta uso kwa mtandio.

"Kwa hiyo ninachotaka mujue," alisema, "ni kwamba si zile nyimbo zilizoleta vita. Ni wale ambao..."

Lakini Mzee Halidi alikuwa ameshasimama kando yake na kumshika bega kama baba. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa analia kweli.

"Inatosha, mwanangu. Inatosha. Usijiumize." Akawageukia watu. "Mumesikia. Walikuwa na mzee mumoja. Hakuwa malaika, nani malaika? Wakasema hatumutaki. Wakamutoa. Leo wanazikana uani. Libya walimutoa wa kwao, leo wako wapi? Siria je? Na sisi, bondeni kunawaka, mumeona magodoro barabarani leo asubuhi. Muntu mwenye akili anabomoa nyumba wakati wa mvua?"

"Mzee, sivyo nilivyosema," alisema Yasmine.

"Najua, mwanangu, najua. Jamani, kwanza tuwaombee marehemu wa Sudani. Al-Fatiha."

Hakuna mtu anayezungumza Fatiha inaposomwa. Mikono yote ikainuka. Yasmine akainua yake, kwa ajili ya yule mama wa mkate. Midomo ikacheza kimya. Kisha Mzee Halidi akaanza kuomba dua kwa sauti, na sauti yake ilikuwa nzuri, ya kupanda na kushuka, kama vile amezaliwa kwa kazi hiyo.

"Mungu awalaze marehemu mahali pema."

"Amina."

"Mungu asituonyeshe yale aliyoyaona mtoto wetu."

"Amina!"

"Mungu ailinde Uvira, bonde na milima, na ndugu zetu walioko njiani."

"Amina!"

"Mungu atuweke pamoja, chini ya uongozi aliotupa, na amuzidishie nguvu mutumishi wenu katika kazi muliyomurudishia leo."

"Amina!"

Wakapitisha viganja usoni. Yasmine alikuwa bado amefunika uso aliposikia, kwa kuchelewa, kile alichokiitikia. Alimtazama mama yake. Fadhila naye alikuwa ameitikia. Viganja vyake vilikuwa bado mashavuni, na macho yake juu ya vidole yalikuwa makubwa. Uwanjani watu walikuwa wanapumua kama waliotua mzigo. Kizito alikuwa ameshafunika kalamu yake. Birika likaondolewa kwenye makaa.

Fadhila akasimama. "Na mustari?"

"Mama Yasmine," alisema mzee mmoja kwa upole, kama anayemkumbusha mtoto adabu, "Fatiha imekwisha kusomwa."

"Ilisomwa kwa ajili ya marehemu."

"Kaa, mama, chai inapoa!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, na watu wakacheka, siyo kwa ubaya.

Fadhila hakukaa. Alivuka ile mikeka, akisema "samahani, samahani" kila alipokanyaga ukingo, akaenda kusimama kwenye ukuta, mahali ambapo mgombea alitakiwa kusimama. Alisimama hapo peke yake na mkoba wake kifuani. Yasmine hakuwa mwanachama. Hakuweza kusimama nyuma yake. Aliwahi kuona vifaru kwa karibu, lakini hakuwahi kuogopa kwa namna hii, akitazama watu wanaomjua mama yake wakitazama vikombe vyao.

Ndipo Agathe akajiinua, akakung'uta vumbi kwenye kitenge chake. "Minye niko Mukatoliki," alitangaza. "Fatiha yenu hainifungi."

"Lakini ulisema Amina!" wakamzomea. "Tulikusikia, Agathe! Uliwapita wote kwa sauti!"

"Nilisema Amina kwa wafu. Halidi amekufa?"

Depo nzima ikaangua kicheko. Hata Mzee Halidi alicheka, akajipiga goti. Agathe akaenda kusimama nyuma ya Fadhila, na kile kicheko kikafa polepole, kwa sababu sasa ulikuwa mstari. Mwanamke kijana, Déborah, aliinuka nusu. Mumewe alimshika pindo la kitenge bila hata kumtazama, naye akakaa tena. Hakuna mwingine aliyeinuka.

"Munaona!" alisema Mzee Halidi, mikono imefunguka. "Hapa kwetu muntu iko huru. Anataka kusimama, anasimama. Nani atasema kwamba hapa hakuna demokrasia?" Watu wakapiga makofi, wengi wao kwa faraja ya kweli, na wale wanawake wawili ukutani wakaletewa chai ya kwanza, yenye sukari nyingi.

*

Wiki iliyofuata walivuka kwenda Bujumbura kama kawaida. Yasmine alikwenda pamoja nao, kwa sababu hakutaka mama yake awe peke yake. Walirudi na nyanya, vitunga vya Fadhila na vya Agathe, zilizoiva kiasi kwamba lazima ziuzwe siku hiyohiyo. Duane walipita bila neno. Depo walimkuta Kizito kwenye meza yake.

"Chaki imeisha, mama," alisema.

"Imeisha lini?" aliuliza Fadhila.

"Leo asubuhi."

"Na huyu aliyetoka sasa hivi na unga wake, umemupigia alama kwa mate?"

Kizito alikuwa mtu wa kanisani, baba wa watoto, aliyekuwa akimtolea Fadhila kiti kila siku. Alificha mikono chini ya meza, lakini Yasmine alikuwa ameshaona vidole vyake, vyeupe hadi kwenye kucha.

"Kizito, ni nani aliyekuambia?" Yasmine aliuliza taratibu.

"Hakuna muntu ameniambia kitu, dada. Wallahi... samahani, naapa kwa Mungu. Hakuna aliyeniambia." Akainua macho, nayo yalikuwa ya mtu anayesema kweli. "Lakini weye unafikiri ni lazima niambiwe?"

Wakangoja. Jua lilipanda juu ya Ruzizi. Wasukuma mikokoteni walikaa kivulini wakitazama kwingine. Nyanya za chini zilianza kulowanisha vitunga, na harufu yake tamu ikawaita nzi. Fadhila alikuwa anahamisha vitunga vyake kidogo kidogo kufuata kivuli cha ukuta, na kila baada ya muda kivuli kilipungua.

Gari la Mzee Halidi likaingia. Alishuka, akaona, akashika kichwa.

"Dada yangu! Kwa nini uko juani? Kizito, ni nini hii? Huyu ni mjane wa rafiki yangu!" Akatoa kipande cha chaki katika mfuko wa kanzu, akainama kwa shida, mtu mzima mwenye mwili mkubwa, akapiga alama mwenyewe kwenye kila kitunga cha Fadhila. "Sisi ni ndugu. Uchaguzi umepita. Au nasema uongo?"

"Asante, mzee," alisema Yasmine. Neno lilimtoka kabla hajajua, na halikuwa la uongo. Mwili wake mzima ulikuwa umelegea kwa nafuu, kama siku ile Port Sudan mtu asiyemjua alipomwita kwa jina lake. Aliona aibu baadaye kidogo tu.

Wasukuma mikokoteni waliruka. Kwa muda mfupi vitunga vilikuwa vimefungwa kamba na mkokoteni uko njiani kuelekea soko, Fadhila na Yasmine wakiufuata. Mzee Halidi alirudisha chaki mfukoni.

Vitunga vya Agathe vilibaki ukutani.

"Mama," Yasmine alisema walipokuwa wameshafika barabarani. "Mama, Agathe."

"Namuona."

Agathe aliwapungia mkono kutoka getini. "Nendeni! Nendeni bwana, zenu zitaoza! Minye nitapata muntu."

Wote walijua hatapata. Hakuwa na marehemu mume aliyekuwa rafiki wa mwenyekiti, wala mtoto aliyepokewa Port Sudan, wala undugu wa msikitini. Alikuwa amemtania mtu mbele za watu, na watu walikuwa wamecheka. Fadhila alitembea hatua chache zaidi huku ameshika ukingo wa mkokoteni. Yasmine alimwona akihesabu moyoni kila alichokuwa anangojea kutoka kwenye nyanya zile, chakula cha nyumba, na safari ya kesho. Hakuthubutu kumwambia afanye nini. Miaka yote ya chuo aliandika juu ya raia kana kwamba raia hana nyanya.

"Shusha," Fadhila alimwambia msukuma.

"Mama, iko alama!"

"Naijua alama. Nimesema shusha."

Wakazirudisha wenyewe, mama na binti, wakizivuta kitunga kimoja kimoja kupita getini, hadi zikawa zimepangwa pamoja na za Agathe. Fadhila akakaa chini juani, mgongo ukutani.

"Weye uko wazimu," alisema Agathe. "Kweli wazimu. Nani atalisha watoto wako?"

"Sogea kidogo, unanibana."

Mzee Halidi alikuwa anafunga mlango wa gari lake. Akasimama. Hakuonekana kukasirika, alionekana kama mtu aliyekataliwa chakula alichokipika mwenyewe. "Dada," alisema, "jua kali hili. Munaharibu chakula cha watu."

"Kizito akipata chaki ya wote wawili, tutaondoka, prezida," alijibu Fadhila, kwa heshima yote.

Mzee Halidi akaingia garini. Gari likaondoka, na vumbi likatua juu ya nyanya. Kizito aliinama juu ya meza yake, akijifanya anatafuta kitu kwenye saraka.

Watu waliendelea kuingia na kutoka na mizigo yao. Kila aliyepita alisalimia kwa sauti ya chini. Wengine walizunguka kwa mbali. Yasmine alianza kuchagua nyanya, zilizopasuka upande mmoja, nzima upande mwingine, na zilizopasuka zilizidi kuongezeka. Mama yake alikuwa amefumba macho. Yasmine alijua kwamba kesho huenda chaki ikaisha tena, na kesho kutwa, na kwamba hakuna sura yoyote katika memware yake inayosema mwanamke mwenye nyanya anaweza kukaa hapo kwa muda gani.

Déborah alitoka depo na mzigo wake wa unga wenye alama. Alikuwa na mwavuli mkubwa wa rangi ya chungwa. Alipofika mbele yao alipunguza mwendo, akatazama nyuma kuelekea meza ya Kizito, akatazama barabarani. Kisha akaufunga mwavuli, akauweka mapajani mwa Yasmine.

"Mutanirudishia," alisema haraka, akaenda zake kichwa wazi juani.

Yasmine alisimama, akaufungua, akaushika juu ya mama yake.

"Weye, msomi," alisema Agathe, "kinga nyanya. Sisi hatuozi."

Yasmine akausogeza juu ya vitunga.